Karakana Isiyo na Tone la Maji

"Simameni hapo hapo! Mna maji?"

Inspekta alikuwa ameshanyanyua mguu avuke kizingiti. Aliurudisha taratibu nyuma ya mstari mwekundu uliopakwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akatafuta sauti ilikotoka. Juu ya benchi la kufungia mizigo alilala mzee mmoja kifudifudi, shuka imemfunika kuanzia kiunoni kwenda chini, kidevu kimeegemea ngumi mbili. Aliwatazama askari hao wawili kama vile wao ndio watuhumiwa.

"Maji ya aina gani, mzee?" Inspekta aliuliza.

"Ya aina yoyote. Ya kunywa, ya kunawa, ya mvua. Mwavuli huo uache nje, mama. Na huyo kijana wako anatokwa jasho, ajifute kabla hajasogea."

Koplo alikuwa na miaka arobaini na mbili na upara unaoanza, na kwa kuitwa kijana alijifuta kwa moyo mkunjufu. Kisha akatoa chupa ya maji mfukoni, akaiweka ngazini kando ya mwavuli, akageuka kuiangalia mara mbili kabla ya kuiacha.

"Sasa karibuni," mzee akasema. "Msiguse kitu."

Huyu ndiye Mzee Kavu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka arobaini alikuwa akiyeyusha risasi, ile ya kumimina na si ile ya bunduki, na kutengeneza timazi: zile koni nzito ambazo mwashi huzining'iniza kwenye uzi ili ajue kama ukuta umesimama wima au unamdanganya. Katika miaka yote hiyo halikuwahi kuingia tone la maji chunguni mwake. Mpaka asubuhi ya Jumatatu hiyo, saa tatu na robo, chungu kilipolipuka, kikarusha nusu ya risasi yake kwenye mabati ya paa, na kumwachia Mzee Kavu majeraha manne mahali ambapo hakupenda hata nesi apaone.

Polisi aliwaita mwenyewe, nesi akiwa bado anabandika plasta.

"Andika," alimwambia Inspekta kabla salamu hazijakamilika. "Mkwe wangu amejaribu kuniua. Yuko stoo. Hajakimbia, maana ni mjanja. Ukimaliza kuandika nitatia saini, umchukue."

"Nikishaandika jaribio la kuua, mzee, halifutiki kirahisi."

"Nani anataka kufuta? Achukuliwe leo. Na binti yangu arudi nyumbani kwangu leo hii. Akimfuata huyo bwana, basi asinijue tena, na mimi simjui."

Binti mwenyewe alikuwa hatua nne kutoka hapo, mbele ya dirisha, akifunga timazi kwenye makaratasi. Timazi moja alikuwa ameifunga mara tatu na kuifungua mara tatu. Hakuinua kichwa.

Inspekta akavuta stuli. "Nieleze kazi yenyewe kama unamweleza mtu asiyejua lolote. Kwa sababu kweli sijui lolote."

Hapo Mzee Kavu alisahau maumivu yake yote.

"Risasi ikiyeyuka hutulia, ukiiangalia unadhani haina neno. Adui yake ni maji. Tone likidondokea juu hurukaruka na kutoweka, na hata hilo silitaki. Lakini likizama chini ya risasi linageuka mvuke kufumba na kufumbua, na mvuke unataka nafasi mara elfu na zaidi kuliko maji. Nafasi haipo. Basi mvuke unajitafutia, na wewe umesimama pale pale."

"Kwa hiyo unajikingaje?"

"Hakiingii kitu chunguni kabla hakijaota moto. Kila kipande kinakaa kwanza ukingoni mwa chungu, nahesabu mpaka mia mbili. Upawa wa kuchotea, hivyo hivyo. Kalibu ya kumiminia, hivyo hivyo. Baridi ya asubuhi peke yake inaacha umande kwenye chuma na macho yasiuone. Halafu aproni ya ngozi, glovu, kioo cha uso, buti. Suruali juu ya buti, si ndani, ili risasi isije ikajimwaga mguuni. Chai tunanywa nje. Mikono tunanawa nje. Hata mchanga wa ndoo ya kuzimia moto naukaanga kila Ijumaa."

"Unakaanga mchanga?" Koplo akauliza.

"Kwani wewe wako huukaangi?"

Inspekta akafungua ukurasa mpya. "Na leo ilikuwaje?"

"Leo nilihesabu mia mbili kama kawaida. Nikaweka kipande cha bomba la risasi chunguni. Mara nikahisi mikono miwili begani, imelowa! Maji yakapenya shati mpaka ngozini. Akanisukuma. Sijafika chini, mlipuko."

"Alikusukuma kwanza, mlipuko ukafuata?"

"Vilikwenda pamoja."

"Umesema ulikuwa hujafika chini."

"Basi kwanza. Tofauti iko wapi?"

Inspekta aliandika. "Mna ugomvi?"

"Ni fundi bomba," alisema Mzee Kavu, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. "Damu ni nzito kuliko maji, na yule ni mtu wa maji. Mwaka jana kazi zake zilipopungua nikampokea hapa kwa ajili ya binti. Siku ya kwanza nikamwambia: ndani ya karakana yangu, habari za maji huzungumzi. Hata neno moja sitaki kulisikia."

"Akatii?"

"Hajawahi kulitamka."

Walianza na chungu. Kilikuwa kimezimwa tangu mlipuko, na risasi iliyobaki ndani ilikuwa imeganda na shimo katikati. Ukingoni vilikuwa bado vimelazwa vipande viwili vya bomba, vikisubiri zamu ambayo haikufika. Inspekta aliinua shingo. Juu kabisa ya chungu, mabati yalikuwa yamepakwa risasi, doa moja la upana wa sinia, na kuzunguka doa hilo mabati yalikuwa na kutu yake ya siku zote.

"Afande!" Koplo aliita kutoka nje ya dirisha. Alikuwa ameinua taulo. "Limelowa! Lilikuwa chini hapa. Kamsubiri mzee ainame, kalikamulia dirishani, maji hayooo mpaka chunguni. Kesi imekwisha."

"Kutoka hapo mpaka chungu ni hatua ngapi?"

Koplo akahesabu kwa macho. "Tano."

"Likamulie basi, tuone linafika wapi."

"Msijaribu!" Mzee Kavu alipiga kelele, nusura aanguke benchini.

Inspekta alimtuliza kwa mkono. "Hatujaribu, mzee. Koplo, tazama juu. Maji yakirushwa, yanaangukia juu ya risasi, na mzee mwenyewe ametuambia tone la juu linarukaruka. Lakini hii imepanda moja kwa moja kama iliyopigwa teke kutoka chini. Maji yalikuwa yamezama. Hayakurushwa, yaliingia yakiwa ndani ya kitu."

"Ndani ya nini?"

"Hilo ndilo tulilolijia."

Alichuchumaa. Matone ya risasi yaliyoganda yalitapakaa sakafuni pande zote za chungu, isipokuwa upande mmoja, alikokuwa amesimama mzee. Upande huo, sehemu ya upana wa mtu, sakafu ilikuwa haina kitu. Akaenda ukutani, akaishusha aproni ya mzee kutoka kwenye msumari, akaigeuza huku na huku. Mbele ilikuwa safi. Suruali iliyovuliwa na nesi ilikuwa na matundu manne, yote nyuma, yote mahali pa kukalia.

"Hizi nne zilikupata vipi?"

"Nikianguka."

"Na mbele haikukupata hata moja?"

"Mungu mkubwa," alisema Mzee Kavu, akaona swali limejibiwa.

Inspekta alimwomba binti watoke naye. Bomba la maji lilikuwa nje, hatua chache kutoka dirishani, na ukisimama hapo uliona chungu chote bila kujipinda. Binti alikunja mikono kifuani.

"Mume wangu alikuwa hapa ananawa," alisema. "Risasi si kitu cha kwenda nacho kwenye chai, baba mwenyewe ametufundisha hivyo. Mimi nilikuwa palepale nilipo sasa, namtazama. Akachukua taulo. Akaangalia ndani. Akalitupa taulo, akakimbia na mikono yake vilevile."

"Alibeba kitu?"

"Hakuna."

"Alisema kitu?"

"Alifungua mdomo. Sauti haikutoka." Akamsogelea Inspekta. "Afande, mimi nitasimama wapi? Nikisema baba anakosea, nimempoteza baba. Nikinyamaza, nimempoteza mume. Na wote wawili ni vichwa vigumu, na wote wawili nawapenda, na wote wawili leo wananiudhi mpaka nataka kupiga mtu."

"Mpige Koplo, amezoea."

Binti alicheka bila kutaka, akafuta macho kwa kiganja.

Fundi Bomba alikuwa stoo kama baba mkwe wake alivyosema, amekaa juu ya kreti, pande la mtu, mikono mikubwa imelala magotini. Stoo ilikuwa na joto la kupikia mkate, lakini yeye alivaa koti la kazi na kulifunga vifungo vyote. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mzuri wa kuegemea. Hakuuegemea.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulimsukuma baba mkwe wako?"

"Nilimsukuma."

"Mikono ilikuwa imelowa?"

"Ilikuwa imelowa, na nilivuka nayo mstari. Andika hilo, ni kosa langu."

"Uliona nini ulipoangalia dirishani?"

Akatazama sakafu.

"Nani aliingiza maji chunguni?"

"Sina la kusema kuhusu maji, afande."

"Egemea ukuta, utachoka."

"Niko sawa hivi."

Wakati huo Koplo alikuwa ameshaufungua mfuko wa zana uliokuwa miguuni pa mtuhumiwa. Alitoa spana, msumeno wa chuma, koleo, kisha furushi dogo la kitambaa. Alilifungua, akapiga mluzi. Kilikuwa kipande cha bomba la risasi chenye urefu wa kidole. Upande mmoja umechanika vibaya. Upande wa pili umepondwa mpaka mdomo wake ukafungika kabisa.

"Bomu," Koplo alinong'ona, na furaha yake ilijaa stoo nzima. "Afande, hata mama yangu angemfunga huyu. Fundi bomba. Bomba limezibwa. Limejazwa maji. Na kipande kilichorushwa na mlipuko amekificha kwenye mfuko wake. Nitoe pingu?"

"Ulikiokota wapi?" Inspekta alimuuliza Fundi Bomba.

"Chini ya kabati."

"Kwa nini ulikificha?"

Jasho lilimshuka kwenye kidevu, asilifute. Inspekta alikisogeza kipande kwenye mwanga wa mlango. Aliyeziba mdomo huo alikuwa amepiga nyundo mara tano au sita kwa mpangilio, mtu mwenye subira. Na kila alama ya nyundo ilikuwa na kinundu kidogo pembeni, kimekaa mahali pamoja. Aliigeuza nyundo ya Fundi Bomba iliyokuwa kwenye mfuko wa zana. Uso wake ulikuwa laini kote.

"Pingu bado," alisema. "Nifuate."

Uani, chini ya turubai, kulikuwa na marundo ya risasi chakavu yaliyopangwa kwa urefu. Mabomba yalikuwa mwisho, yameletwa karibuni, na yote yalikuwa yamezibwa midomo huku na huku. Kila mdomo ulikuwa na kile kinundu. Mengi yalikuwa yamenyooka. Manane yalikuwa yamepinda kama ndoano. Inspekta aliinua moja lililopinda, akalisogeza sikioni, akaliinamisha.

Chwa.

Alimpa Koplo. Koplo akaliinamisha. Chwa. Alilirudisha chini kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua tatu, kisha akaongeza ya nne.

"Lakini mbona mzee kasema kila kitu anakiotesha moto kwanza?"

"Ukingoni inakauka ngozi ya nje, Koplo. Maji ya tumboni yanapata joto tu, na yamefungiwa. Angeweza kuhesabu mia tano, isingesaidia."

Walirudi ndani. Mzee Kavu alikuwa ameletewa mto na alionekana amechangamka. "Umeshaandika?"

"Nakaribia. Mzee, mvua hizi zimeanza lini?"

"Jana usiku. Lakini wingu niliona tangu mchana."

"Na uani umeweka vitu vyako vizuri sana. Nimependa."

Mzee Kavu alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mpangilio, mama. Huyu bwana Jumamosi jioni alileta mabomba kutoka shule moja wanayoibomoa, akayatupa pale, akaenda zake. Midomo wazi! Nami Jumapili naona wingu hilo, jeusi. Ingenyesha, mabomba yangejaa. Nikachukua nyundo, nikayaziba moja baada ya jingine, huku na huku, nikayapanga. Tone lisingepata pa kupita."

"Na halikupita?"

"Hata moja."

"Nyundo gani hiyo?"

"Ile pale, yenye pengo. Tuko nayo tangu nioe."

Binti alikuwa ameacha kufunga timazi. Inspekta aliichukua nyundo, akaiweka benchini mbele ya mzee, uso juu, pengo lake likionekana. Kando yake akaweka kile kipande kilichopondwa. Mzee Kavu alitazama nyundo, akatazama kipande, akapitisha kidole gumba kwenye kinundu.

"Hili ni la kwangu," alisema. "Nimeziba mimi. Lakini nimeziba maji yasiingie."

"Koplo, mlete mkwe."

Fundi Bomba aliingia, akasimama nje ya mstari mwekundu, akatazama mikono yake kama imekauka.

"Vuka," Inspekta alisema. "Mzee alikukataza kuzungumza habari za maji humu ndani. Mimi ni polisi na nakuamuru. Bomba lililopinda lina kazi gani?"

Fundi Bomba alimwangalia baba mkwe wake. Mzee hakumwangalia.

"Linakaa chini ya sinki," alianza, polepole. "Ile kona inabaki na maji muda wote, ndiyo yanayozuia harufu mbaya isipande ndani ya nyumba. Hata ukilifungua ukaliondoa, maji hayamwagiki yote. Sisi huwa tunaligeuza juu chini, tunalitikisa, halafu tunalipasua kwa msumeno. Nilipanga kuyapasua leo baada ya chai. Sikujua kama yamezibwa. Nilipotazama dirishani nikaona baba analizamisha, limepinda, na mdomo umefungwa. Nilitaka kupiga kelele. Sijui, afande. Mwaka mzima sijasema neno hilo humu ndani, likanikwama."

"Na kipande ulikificha kwa nini?"

"Miaka arobaini, afande. Waashi wote wanamwita Mzee Kavu. Ningekitoa hadharani, wangemwitaje? Niliona heri mnichukue mimi, mambo yakipoa mtaniachia." Akaongeza kwa haraka, "Na kosa langu lipo. Jumamosi ningesema maneno mawili tu, baba, haya yana maji. Sikusema."

Koplo aliinama kumnong'oneza Inspekta, "Kumbe nyani haoni kun—" Inspekta alimkanyaga kidole cha mguu kabla methali haijafika mwisho.

Mzee Kavu alikuwa akiangalia chungu. "Ukingoni yalibaki mawili," alisema. "Yamepinda au yamenyooka?"

"Yamepinda," alijibu Inspekta.

"Ya zamu ya mchana hayo. Zamu ya mchana anamimina nani?"

Alijua. Alipanga zamu mwenyewe. Binti alimjibu hata hivyo, kwa upole.

"Mimi, baba."

Mzee alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena mpaka akasimama, shuka ameikamata kwa mkono mmoja. Uso wake ulikuwa umechujuka rangi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa na la kumwamuru mtu. Inspekta alimwachia nafasi, lakini kazi ilikuwa haijaisha.

"Limebaki swali moja, mzee. Ulisimama hatua moja kutoka kwenye chungu. Risasi ilitapakaa pande zote, upande wako haikufika chini. Aproni yako ni safi. Hizo nne zako zilidondoka kutoka paani, ukazikalia zikanasa kwenye suruali. Sasa zile zilizokuwa zinakuja usoni na kifuani kwako zilikwenda wapi?" Alimgeukia mkwe. "Fundi, vua koti."

"Hapana, afande. Mbele ya baba mkwe si adabu."

"Anayetega bomu hasimami kati ya bomu na mtu anayetaka kumuua. Tena akaligeuzia mgongo. Vua."

"Si adabu, afande."

"Adabu utanionyesha kesho," alisema Mzee Kavu. "Vua, mwanangu."

Chini ya koti, shati lilikuwa limetobokatoboka. Chini ya shati, mgongo ulikuwa na madoa mekundu kutoka mabegani hadi kiunoni. Mkewe alipiga yowe, mara akamtukana kwa kujificha, mara akamkumbatia kiuno, mara akakumbuka vidonda na kumwachia.

"Nesi alisema maji," Mzee Kavu alisema. "Maji safi ya bombani, yatiririke dakika ishirini. Mimi nilikataa, nikamwambia anipake dawa tu. Twendeni nje."

Walitoka wote. Fundi Bomba aliinama chini ya bomba, mkewe akafungua, na mzee, shuka mkononi na shingo imerefushwa, alisimama akiyaongoza maji kwa kiganja ili yapite kila doa. Alikuwa akihesabu madoa kwa sauti. Alihesabu mpaka kumi na saba, akarudia kutoka mwanzo, ikawa kumi na saba tena. Machozi yalimtoka waziwazi wala hakuyafuta.

Inspekta alikaa ngazini, karatasi ya maelezo gotini. "Mzee, nihitimishe vipi? Mlalamikaji nani?"

"Huyu hapa. Kumi na saba! Mshtakiwa, mimi."

"Fundi, unalalamika?"

"Sina malalamiko," sauti ilitoka chini ya bomba. "Ila maji ni ya baridi."

"Basi ni ajali," Inspekta alisema, akaandika. "Na hayo manane ya uani, na mawili ya ukingoni, hayaguswi na mtu mpaka yapasuliwe na anayejua."

Koplo alikuwa ameshaipata chupa yake na anakunywa kwa pupa. Binti alimpokea baba yake shuka iliyokuwa ikiteleza, akaifunga vizuri kiunoni, kisha akabaki amesimama kati yao, mkono mmoja kwa huyu na mmoja kwa yule. Hakuna aliyemwambia achague.

"Kesho," Mzee Kavu alimwambia mkwe wake, akiendelea kupitisha kiganja, "kabla sijawasha chungu, utanikalisha chini... hapana, utanisimamisha, unieleze bomba moja moja. Lipi linabaki na maji, lipi halibaki."

"Utabisha, baba."

"Nitabisha sana," alisema mzee. "Wewe usinyamaze."